Alfa 156 ya mkononi: anza na mkanda wa taimingi

Jamani wenye Alfa Romeo 156 ya injini ya Twin Spark, kama umeinunua kwa mtu na hana risiti ya mkanda wa taimingi we hesabu haujawahi kubadilishwa, usimsikilize anayekwambia "huo bado mzima". Mwanzo kiwanda kilisema ubadilishwe kila kilometa 120,000 baadae wakashusha mpaka 60,000, na mi naangalia miaka pia maana raba inazeeka hata gari ikiwa imepaki tu. Ukikatika vavu zinagongana na pistoni, hapo silinda hedi lazima ishuke na hela itakutoka kweli. Ukifungua badilisha na tensheni (inayokaza mkanda) na wota pampu hapohapo, na kama asubuhi ukiwasha inagonga kama dizeli kwa sekunde chache basi na varieta pia, kile kifaa cha kwenye kemshafti kinachobadilisha taimingi ya vavu. Plagi ni nane sio nne, mbili kila silinda.

Sisi wa Tanga tuna na chumvi ya bahari, inaleta kutu. Mi nikitoka Raskazone kule ufukweni naosha chini kwa maji baridi, halafu nainua kapeti upande wa dereva nagusa bati kwa kidole, nikikuta unyevu naacha milango wazi juani mpaka pakauke kabisa.