Keki ya musi ya chokoleti na embe, kwa friji ya kawaida ya nyumbani

Keki hii haiivi kwenye oveni. Oveni utaiwasha robo saa hivi kwa ajili ya tabaka la chini, basi. Kazi iliyobaki yote ni ya friji, na ya kujua mchanganyiko umepoa kiasi gani. Wanaonipigia simu kwamba musi yao "imekataa" mara nyingi vipimo walipata sawa. Walikosea joto. Kwa hiyo ukisoma haraka haraka, ruka vingine vyote lakini usiruke nyuzi za joto.

Musi yenyewe si jambo la kutisha: ni krimu iliyochapwa, ikachanganywa na chokoleti au rojo la matunda, ikashikwa na jelatini kidogo. Hapa tutaweka keki ya kakao chini, musi ya chokoleti katikati, musi ya embe na karakara (wengine mnaita pasheni) juu yake, kisha utando wa karakara unaong'aa. Inatoa vipande kumi au kumi na viwili.

Kwanza, vyombo

Unahitaji pete isiyo na kitako, upana sentimita 20, kimo sentimita 7. Yangu nilitengenezewa na fundi wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi. Nilimchorea kwenye karatasi, akaigeuza geuza, akauliza, "Dada, sasa hii haina chini, uji utakaa wapi?" Alipomaliza kucheka alinikatia bati lisiloshika kutu, akalichomelea, akasugua mshono mpaka kidole hakisikii kitu. Usikubali mabati ya zinki, hata ukiambiwa ni yale yale. Asidi ya karakara huila zinki. Ndani ya pete zungusha utepe wa plastiki ngumu inayoonyesha, ile ya kufunikia ripoti hufaa ikiwa mpya na imeoshwa.

Mizani ya jikoni ni lazima. Kipimajoto kikikosekana tutatumia mdomo, nitaeleza.

Manunuzi

Chokoleti nyeusi gramu 150, yenye kakao asilimia 50 hadi 60. Soma nyuma ya pakiti: ukikuta mafuta ya mawese mahali pa siagi ya kakao, irudishe kwenye rafu. Hiyo ni ya kupambia, na musi yake huacha utando wa mafuta kwenye kaakaa. Krimu ni ya maziwa, yenye mafuta asilimia 35, mililita 550 kwa jumla. Ile ya mafuta ya mimea ambayo sisi waokaji wa mtaani tunapakia keki za harusi husimama vizuri hata juani, lakini tayari ina sukari na itaua ladha ya embe.

Maembe, mimi huenda soko la Marikiti alfajiri. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi yanajaa, mengi kutoka Makueni. Aina ya Apple ni nzuri. Ngowe la pwani ni zuri zaidi kwa sababu halina nyuzi za kukwama kwenye meno. Chukua yaliyolainika kabisa, yale muuzaji anayotaka yaondoke leo. Karakara zichague zilizokunjamana ngozi na nzito mkononi. Laini na nyororo ni chachu tu.

Jelatini ya unga, gramu 14 kwa keki nzima. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huwa kama gramu 3, ila pima. Na kama mezani kutakuwa na Waislamu, hakikisha ni ya ng'ombe na ina alama ya halali. Mtaani Eastleigh huikosi.

Hatua ya 1: tabaka la chini

Washa oveni nyuzi 180. Chapa mayai 2 na sukari gramu 60 mpaka yawe meupe na mazito, ukiinua mchapo yadondoke kama utepe unaokaa juu kidogo kabla ya kuzama. Usipitilize hapo. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mapovu hufura kuliko yanavyofura Mombasa, na mayai yaliyochapwa kupita kiasi hupanda kwa fujo kisha yakabonyea katikati. Chekechea juu yake unga wa ngano gramu 40 na kakao gramu 15, geuza taratibu kutoka chini kwenda juu, malizia na siagi iliyoyeyushwa gramu 20. Baking poda haihitajiki. Oka kwenye chombo cha sentimita 20 kilichotandazwa karatasi, dakika 12 hadi 15. Ikipoa, kata juu isawazike ibaki kama sentimita moja na nusu, iweke ndani ya pete juu ya sinia bapa.

Hatua ya 2: musi ya chokoleti

Nyunyiza jelatini gramu 4 juu ya maji baridi mililita 20. Jelatini juu ya maji, si maji juu ya jelatini, la sivyo utapata mabonge yenye unga mkavu ndani. Baada ya dakika kumi itakuwa kama sponji.

Pasha maziwa mililita 100 mpaka yatoe mvuke bila kuchemka, tia ile sponji, koroga iyeyuke. Isichemke, jelatini ikichemka hupoteza nguvu. Mimina juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, iache dakika moja, kisha koroga kutoka katikati mpaka ing'ae.

Sasa subiri ishuke hadi nyuzi 35 au 40. Bila kipimajoto, chovya ncha ya kijiko safi, gusa mdomo wa chini: usisikie moto wala baridi. Ikiwa ya moto itayeyusha krimu na utabaki na supu. Ikipoa mno, chokoleti itaganda punde inapokutana na krimu na utatafuna vipunje kama mchanga.

Krimu, mililita 300, ichapwe ikiwa baridi kabisa, na isisimame wima. Unataka ulaini wa mtindi mzito. Tia theluthi moja kwenye chokoleti ukoroge bila huruma, hiyo ni ya kulainisha. Inayobaki geuza kwa upole. Mimina ndani ya pete, gongesha sinia mezani mara mbili, weka kwenye friza dakika 40 mpaka kidole kikigusa kisishikwe.

Hatua ya 3: musi ya embe na karakara

Hapa ndipo nilipoaibika. Miaka kadhaa iliyopita, kwa karamu ya binamu yangu huko mtaa wa Donholm, niliona embe ni kawaida mno nikaamua nanasi. Nilisaga nanasi bichi, nikachuja, nikachanganya. Keki ilikaa kwenye friji tangu asubuhi. Jioni, watu wameshanyamaza wanatazama, nikavua pete, na tabaka la juu likaanza kuteremka polepole likazunguka sinia yote. Shangazi yangu akaniokoa: "Haidhuru mwanangu, leteni vijiko."

Nanasi bichi lina bromelaini, kimeng'enya kinachokatakata protini, na jelatini ni protini. Papai, kiwi na tangawizi mbichi hufanya vivyo hivyo. Embe lina nguvu hiyo kidogo, ila mimi sibahatishi tena. Dawa ni moto. Hapa kwetu maji huchemka karibu na nyuzi 94, na hizo zinatosha kabisa kukiua kimeng'enya hicho. Nanasi la kopo halina shida kwa sababu limeshapikwa.

Basi: saga embe upate rojo gramu 150, lipitishe kwenye chujio, ongeza maji ya karakara yasiyo na mbegu gramu 100 na sukari gramu 60. Chemsha, yatokote dakika mbili. Epua, subiri mapovu yatulie, kisha tia jelatini gramu 7 uliyoiloweka kwa maji mililita 35. Poza hadi nyuzi 25 au 28, ambapo linaanza kuwa zito kidogo kwenye mwiko. Usilipeleke kwenye friji ukaenda kuoga. Litashika pembeni nawe huna habari. Krimu iliyobaki, mililita 250, ichape na kuigeuza humo kama mwanzo. Mimina juu ya chokoleti, friza saa moja.

Hatua ya 4: utando wa juu

Maji ya karakara mililita 120, sukari gramu 40, chemsha. Epua, kisha tia jelatini gramu 3 uliyoiloweka kwa maji mililita 15. Rudisha mbegu kama kijiko kimoja, zaidi ya hapo keki inaonekana ina chunusi. Mimina ikiwa vuguvugu tu, juu ya mgongo wa kijiko ili isichimbe shimo. Kisha friji usiku kucha, au angalau saa sita.

Stima ikipotea usifungue mlango kuangalia. Mimi huweka chupa mbili za maji zikigandia kwenye friza siku zote. Giza likiingia nazihamishia rafu ya keki mara moja na kufunga. Saa tatu nne inavumilia.

Kutoa na kusafirisha

Zungushia pete kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, sekunde kumi, inua wima, kisha bandua plastiki taratibu. Kisu kichovye maji ya moto na kukifuta kila unapokata.

Kama unaisafirisha, igandishe kwenye friza kwanza. Itayeyuka sawasawa ndani ya friji ya mwenyeji kwa saa kadhaa. Ukichukua teksi, mwombe dereva apoze gari kabla hujatoka mlangoni, na uishike miguuni sakafuni. Kwenye buti kuna joto, na juu ya mapaja yako pia.