Vyombo 13, mikono miwili: ninavyopanga ngoma zangu kwa mchezo wa jukwaani

Kayamba liliniponyoka katikati ya msiba. Jukwaani, mama alikuwa ndiyo kwanza ameambiwa kwamba mwanawe, mpagazi, hakurudi na msafara. Ukumbi kimya, hata feni ungeisikia. Kayamba langu nililiweka ukingoni mwa kimeza, mguu ukagusa kimeza, likashuka: shaaaaa! Mtoto wa mstari wa mbele akacheka, na akicheka mtoto huwezi kuwazuia wakubwa. Yule dada aliyeigiza mama, Mungu ampe umri, akaendelea kulia kama hakusikia kitu.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilibomoa mpangilio wangu wote nikaanza upya, na huu ninaowaeleza ndio nilioutumia tangu hapo.

Niseme kwanza nilikotoka. Mimi nilianza na ngoma za unyago na za harusi, huko Kaole, nikikaa pembeni mwa mjomba. Kwenye ngoma ya mtaani kila mtu ana chombo chake: wa vumi, ile ngoma kubwa ya mvumo mzito, ni wa vumi, wa chapuo, ngoma ndogo, ni wa chapuo, na ukichoka kuna mtu nyuma yako anayesubiri nafasi. Kwenye mchezo wa nyimbo wewe peke yako ndiye kundi zima. Mchezo wetu huu wa wapagazi waliokuwa wakiteremsha pembe za ndovu kutoka bara hadi hapa Bagamoyo una vyombo 13: tumba mbili, chapuo, msondo, vumi, vinganga viwili, upatu, toazi la kuning'inia, kayamba, manyanga, njuga na ilimba, ile ala ya Wagogo yenye vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba. Mpigaji mmoja.

Kwa hiyo usianze na ngoma. Anza na karatasi.

Chukua muswada, kaa na penseli (kalamu ya wino hapana, mwongozaji atabadili mambo mpaka siku ya mwisho), uandike kila mahali unapopiga: neno la mwisho la mwigizaji kabla yako, chombo, mkono upi, halafu kitu ambacho wengi hawakiandiki, muda ulionao kabla ya chombo kinachofuata. Muda huo uhesabu kwa mapigo. Wimbo ukienda mapigo 120 kwa dakika, mapigo manne ni sekunde 2 tu. Ndani ya sekunde 2 mtu hawezi kuweka mikwiro, yaani vijiti vya kupigia ngoma, chini, akageuka, akainama na kuokota ilimba. Karatasi itakuambia vyombo gani ni majirani na vipi havijuani kabisa. Kwangu vumi na ilimba, mkubwa na mpole, ikabidi wakae ubavu kwa ubavu, maana wimbo wa safari unaisha kwa vumi na wimbo wa usiku unaanza kwa ilimba papo hapo.

Mtayarishaji mmoja, simtaji, aliwahi kutaka ngoma zipangwe toka kubwa hadi ndogo, zitoke vizuri kwenye picha. Zilitoka vizuri. Mimi nilipiga mchezo mzima nikirukaruka kama kaa.

Sasa nafasi. Ukumbi ninaopigia hauna shimo la wanamuziki mbele ya jukwaa. Nakaa pembeni kushoto, nyuma ya pazia, pale pale waigizaji wanapoingilia. Nimepewa hatua nne kwa tatu. Kabla ya kuingiza chombo hata kimoja, weka kigoda chako, kaa, nyoosha mikono, zunguka kiuno bila kuinua makalio. Duara hilo ndilo shamba lako. Kitu chochote kilicho nje yake kiwe kile unachokipiga mara moja au mbili tu, tena ukiwa na muda wa kusimama. Kwangu kilichotoka nje ni upatu, unaolia mara mbili tu mchezo mzima, kwa kuinuka na kwa madaha.

Mbele yangu zipo tumba mbili, chapuo katikati yake. Msondo uko kushoto umeegemezwa kwenye stendi. Vumi lipo kulia, na halikai sakafuni: ngoma iliyo wazi chini ukiibandika sakafuni unaiziba mdomo, mvumo wote unabaki tumboni. Mimi naliweka juu ya matofali matatu yaliyofungwa mpira wa tairi kuukuu ili lisiteleze. Tumba nazo zipandishe.

Vinganga ndivyo vilivyonitesa. Vile vya Kimakonde vina mguu mmoja uliochongoka, wa kuchomeka ardhini, na mpigaji anavipiga kwa fito nyembamba. Uwanjani raha tupu. Juu ya jukwaa la mbao utachomeka wapi? Nilijaribu kuvifunga kamba kwenye kigoda, vikawa vinacheza kuliko wachezaji. Dawa yake ni ndoo ya rangi ya lita 10, mchanga, na ngumi ya kuushindilia. Mchanga wa ufukweni uko karibu na ni wa bure, lakini una chumvi, nao huvuta unyevu usiku kucha, mguu wa ngoma unaanza kuoza. Nunua wa ujenzi, uuanike siku moja. Ndoo izungushie kitambaa cheusi, la sivyo mwanga ukipita watazamaji watasoma jina la kampuni ya rangi.

Kimeza cha vyombo vidogo kiwe na ukingo. Baada ya aibu ya kayamba nilimwomba fundi seremala apigilie kijiti cha unene wa kidole pande zote nne. Juu yake natandika kanga iliyokunjwa mara mbili: chombo kinatua bila sauti. Njuga hazilazwi, zinatundikwa kwenye msumari uliovishwa kitambaa, na zinainuliwa kwa kushika kamba karibu na kengele zenyewe. Ukizishika mbali zitakutangaza kabla ya wakati. Manyanga yasimamishe kwenye vikombe vya plastiki vyenye kitambaa ndani, vichwa juu. Na kila kitu kiwe na mahali pake, hapo hapo, kila siku, kiasi kwamba umeme ukikatika mkono unajua njia. Umeme hukatika.

Hebu nikuonyeshe pale pa vumi na ilimba, maana ndipo mpangilio unapopimwa. Mapigo manane ya mwisho ya wimbo wa safari nayapiga kwa mkono wa kulia peke yake. Mtazamaji hasikii tofauti, kwani hapo wapagazi wote wanakanyaga chini na miguu yao inajaza pengo. Mkono wa kushoto wakati huo umeshaifikia ilimba, iliyolala kwenye kigoda cha pili upande wa goti langu, vyuma vikinielekea mimi. Pigo la mwisho likitua, mkwiro nauachia juu ya kanga pajani, sitafuti pa kuuweka. Mkono wa kulia unakuja kushika ubavu wa ilimba, dole gumba linatua. Nilifanya mazoezi ya harakati hizo tatu bila kupiga chochote, jikoni, ilimba nikiibadilishia sahani, mpaka mwanangu akauliza kama naumwa.

Ilimba yenyewe ipimwe kila siku kabla ya mchezo. Chuma kimoja kikisogea kidogo, sauti imehama: ukikivuta kikarefuka sauti inashuka, ukikisukuma ndani inapanda. Angalia pia ule utando wa buibui unaoziba tundu na kuipa mlio wake wa kuzizima. Ukichanika, Mgogo yeyote ukumbini atajua.

Tuje kwenye ngozi. Aliyejifunza bara akija kupiga hapa pwani hushangaa: saa kumi ngoma inalia, saa moja usiku imelegea kama chapati ya jana. Ni upepo wa bahari. Unyevu ukiingia kwenye ngozi inalegea, sauti inashuka, na ukumbi ukijaa watu wanaohema hali inazidi. Wakati wa masika ndiyo usiseme. Mchezo ukianza saa 1 usiku, mimi saa 11 na nusu niko uani nyuma ya ukumbi na moto wa makuti. Makuti hushika haraka na moto wake hauna hasira ya muda mrefu. Shika ngoma uso ukielekea moto, umbali wa mkono, izungushe, igonge kwa kidole, sikiliza. Ngozi ya mbuzi inaitika upesi. Ya ng'ombe kwenye vumi inataka subira. Ikianza kulia kwa ukali kuliko unavyotaka, iondoe, maana itashuka kidogo ikipoa. Waliosema ngoma ikivuma sana hupasuka naamini waliwahi kuisahau motoni.

Shida ni sehemu ya pili ya mchezo, ngozi imeshalegea tena na huwezi kuwasha makuti nyuma ya mapazia. Mfuga kuku mmoja wa Magomeni ndiye aliyenipa jibu bila kujua: balbu ya kulelea vifaranga. Naiweka chini ya vumi, katikati ya yale matofali, mbali na ngozi na mbali na mbao, naiwasha muda wote wa mapumziko. Hakuna moshi, na msimamizi wa ukumbi hana la kusema. Tumba hazina haja ya moto, zina nati. Kaza kwa kuvuka, nati hii kisha ya upande wa pili, robo mzunguko kwa zamu, si kumaliza moja ndipo uhamie jirani yake.

Fundi sauti mwombe maikrofoni moja kwa ajili ya ilimba peke yake, karibu kabisa. Ngoma zilizobaki zinajitosheleza. Toazi lisielekee mlango wa waigizaji, kwani maikrofoni walizovaa zitalimeza zima. Taa ya kusomea ibandike karatasi ya bluu. Maelezo yako yaandike kwenye manila, upande mmoja tu, kadi tatu wazi kwa pamoja, usije ukafunua ukurasa huku umeshika mikwiro.

Ukishamaliza, weka solatepu sakafuni kwenye kila mguu wa kila chombo, piga picha kwa simu ukiwa umekaa kwenye kigoda chako. Usiku uleule kutakuwa na mtu wa kufagia atakayesogeza kila kitu kwa nia njema.

Baada ya mchezo legeza nati za tumba, funika ngozi, chomoa balbu. Njuga zifunge kwenye ile kanga, fundo mbili, kabla ya kupanda bajaji. Usipozifunga, mtaa mzima utajua umerudi nyumbani saa ngapi.