Kupiga picha na video kwenye send-off Mbeya na Iringa: kazi ya timu ya watu watatu

Send-off, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, haina marudio. Binti akishamsaka mchumba wake katikati ya wageni na kumtoa mbele, vigelegele vikishapigwa, hakuna wa kumwambia arudi ili kamera ipate fokasi. Ndiyo maana tunaona bora watu watatu wanaojua nafasi zao kuliko watano wanaosukumana mbele ya meza kuu. Mmoja wa picha, mmoja wa video anayetembea, na mmoja wa video ya stendi ambaye ndiye pia mwenye sauti. Huyu wa mwisho hudharauliwa sana, na ndiye anayeokoa kazi.

Kabla ya siku yenyewe

Andikeni makubaliano hata kama mwenye shughuli ni jirani: idadi ya picha zitakazosafishwa, urefu wa video, siku ya kukabidhi, advansi nusu, na masaa. Masaa ndiyo yenye ugomvi. Kadi ikisema saa 12 jioni, binti anaweza kuingia saa 3 usiku. Hesabuni tangu mnapofika ukumbini, na saa za ziada ziwe na bei yake. Humohumo ombeni ridhaa ya kurusha picha kwenye ukurasa wenu, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu pia ninyi. Droni msiiahidi kama hamna kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

Kisha mtafuteni MC, kwa simu siku moja kabla na uso kwa uso siku ya shughuli. Mwulizeni mambo manne: binti anaingia mlango gani, mchumba ameketishwa wapi, keki inakatwa upande gani, na wazazi watatoa wosia wamesimama au wameketi. Mwombeni pia ahesabu kwa sauti kabla ya shampeni kufunguliwa. Mpiga picha aanze kupiga mfululizo kwenye "mbili" asisubiri "moja", na flashi aishushe hadi nguvu ya 1/8. Ikiwa kwenye nguvu kamili huchukua sekunde kadhaa kujaa tena, na kizibo hakisubiri.

Baridi ya Juni na Julai nayo ipangiwe. Mkipiga picha za nje jioni Uyole, Mafinga au Njombe, halafu mkaingia ukumbi uliojaa watu, lenzi inatoka jasho papo hapo. Kuifuta hakusaidii, unyevu unarudi. Fungeni kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa mkiwa bado nje, ingieni nayo, iacheni nusu saa ndipo mfungue. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti. Zikipoa huonyesha zimekwisha wakati bado zina chaji.

Mwanga wa ukumbini

Hapa ndipo video nyingi zinaharibikia. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Wekeni video kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Kamera nyingi zinazonunuliwa mkononi huja zimewekwa NTSC, mfumo wa nchi za umeme wa hezi 60, fremu 30 na shata 1/60, na matokeo yake ni mistari inayopanda na kushuka kwenye picha nzima. Badilisheni kuwa PAL, mfumo wa hezi 50, kwenye menyu kabla ya kutoka nyumbani. Umeme ukikatika na jenereta ikaingia, mistari inaweza kurudi hata kwenye 1/50, maana jenereta iliyozidiwa mzigo hupunguza mwendo. Hapo sogezeni shata kidogokidogo huku mkitazama skrini hadi mistari itulie.

Wapambaji nao wanapenda zambarau na bluu. Taa za ukutani hazina shida, ila zinazomulika meza kuu humgeuza binti rangi ya bilinganya. Mwombeni mpambaji azielekeze ukutani wakati bado anafunga vitambaa. Wageni wakishakaa hatakubali. Mizania ya nyeupe, ile WB, isiachwe kwenye otomatiki. Ifungeni 4000K kwenye kamera zote, la sivyo ngozi itabadilika rangi kila mnapokata kutoka kamera moja kwenda nyingine. Taa yenu moja ya LED ikae kwenye stendi, mita 2 na nusu juu, pembeni ya meza kuu. Juu ya kamera inawachoma wazee macho.

Flashi ielekezwe darini, mradi dari liwe jeupe. Likiwa limetandazwa vitambaa vya pichi, kila uso unarudi wa pichi. Tumieni kadi nyeupe nyuma ya flashi. Kwa familia iliyopangwa mistari miwili, tundu la lenzi liwe f/5.6. Ukipiga kwa f/2.8 mashangazi wa nyuma watatoka na ukungu, na ndio watakaouliza.

Sauti

Wosia wa mama ukisikika kama unatoka kwenye pipa, hakuna atakayesifu picha. Chukueni waya kutoka kwenye mikisa ya DJ, tundu la REC au AUX, uingie kwenye rikoda iliyowekwa LINE. Ikiwekwa MIC sauti inapasuka, na haitengenezeki baadaye. Vilele vikae karibu na -12 dB, kwa sababu DJ ataongeza sauti kadiri usiku unavyokwenda. Rikoda itumie betri zake. Ikichomekwa kwenye umeme wa ukumbi, siku ukikatika faili nalo linaweza kuharibika. Maiki ya kamera iachwe ikirekodi, maana mikisa haisikii vigelegele. Mwanzoni pigeni kofi moja mbele ya kamera zote ili kuunganisha sauti kuwe rahisi.

Wazee wanapotoa nasaha, msiwapite mbele. Huku Iringa na Njombe, "kamwene", salamu ya wenyeji, ya heshima kabla ya shughuli hufungua nafasi ambayo kitambulisho cha shingoni hakifungui.

Kadi na kukabidhi

Video ya megabiti 50 kwa sekunde inakula takriban GB 22 na nusu kwa saa, hivyo kadi ya GB 64 haifiki saa tatu. Baadhi ya kamera za zamani hukata zenyewe kabla ya dakika 30 kutimia, kwa hiyo mtu wa stendi asiiache akaenda kula. Kadi iliyojaa igeuzwe uso chini kwenye kasha lake. Hakuna kufuta kitu ukumbini. Nakala mbili kwenye hadidiski mbili kabla ya kulala.

Picha kumi za haraka zitumeni WhatsApp kama hati, zisibanwe. Video ya familia itoeni 1080p, MP4, megabiti 10 kwa sekunde: dakika 50 ni kama GB 3.75. Flashi ya USB mnayokabidhi ifomatiwe FAT32, ambayo runinga nyingi husoma lakini haipokei faili linalofika GB 4. Video ikizidi hapo ikateni sehemu mbili, ya pili ianzie kwenye chakula. Ijaribuni kwenye runinga, si kompyuta tu, kabla ya kuipeleka kwa mama mwenye shughuli.