Jinsi ya kutambua wanyama wadogo wenye mfuko wa Australia kwa kutumia sampuli za zamani za makumbusho

Watu wengi wakiwekewa mbele yao trei ya ngozi za zamani za wanyama wa mfuko wa Australia (wale ambao wengi wao jike hubeba mtoto kwenye mfuko wa tumboni) wanaanza kuangalia rangi, na hapo ndo wanapopotea. Ngozi iliyokaa droo miaka mia imeshapauka au imegeuka nyekundu-nyekundu, ile ya kwenye spiriti ndo rangi imeisha kabisa, afu aliyejaza pamba aliuvuta mwili alivyotaka yeye, so urefu wa mwili unaopima leo huwezi kuuamini. Mi nakushauri uanze na lebo, uje kwenye meno, kisha nyayo, rangi iwe ya mwisho kabisa.

Vaa glavu kwanza. Ngozi nyingi za zamani zilipakwa arseniki zisiliwe na wadudu na sumu yake bado ipo, kwa hiyo usile wala kunywa chochote kwenye hiyo meza.

Lebo isome mbele na nyuma, ipige picha, na usiitoe hata kama una uhakika jina lililoandikwa siyo. Angalia sana mahali na mwaka kwa pamoja, manake Victoria ilitengwa na New South Wales mwaka 1851 na Queensland 1859, yaani mnyama wa miaka ya 1840 aliyeandikwa "New South Wales" anaweza kuwa katoka Melbourne au Brisbane ya leo. Vipimo navyo mara nyingi viko kwa inchi na laini: inchi moja ina laini 12, kwa hiyo laini moja ni kama milimita 2.1. Kama aliyemkamata alimpima akiwa bado hajakauka, chukua hivyo vipimo vyake ubadilishe taratibu, ni bora kuliko vyako vya kwenye ngozi kavu.

Sasa meno. Hakikisha kwanza siyo panya, Australia ina panya wake wengi wa asili na kwenye trei wanachanganywa sana. Panya ana jozi moja tu ya meno ya kuguguna juu na chini, kisha pengo, kisha magego yasiyozidi matatu kila upande. Hawa wala wadudu wetu (antekino, danati, planigali, mulgara) wana meno ya mbele manne juu na matatu chini kila upande, chonge, na magego makubwa manne. Halafu geuza taya la chini: kwa karibu wanyama wote wa mfuko kona yake ya nyuma imekunjwa kwa ndani, ukishaiona mara moja huisahau.

Umri nao unausoma hapohapo. Wanyama wa mfuko wanabadilisha jino moja tu kila upande wa taya, gego dogo la tatu, kwa hiyo kama halijamaliza kuota huyo ni mtoto, usimlinganishe na wakubwa. Na usichanganye dume na jike, kwa antekino dume ni mkubwa waziwazi, na madume wote wanakufa baada ya msimu wa kupandana, ndo maana tarehe ya kukamatwa inakusaidia sana.

Unyayo wa nyuma: kidole cha pili na cha tatu vikiwa vimeungana, uko kwa bandikuti au posamu. Vikiwa vimeachana uko kwa wala wadudu. Antekino ana unyayo mpana wenye mistari kama alama za vidole vyetu, danati ana unyayo mwembamba wenye vichembe-chembe, tumia lenzi kwa sababu ngozi kavu inajikunja. Planigali utamjua kwa fuvu lake lililobapa, anaishi kwenye nyufa za udongo.

Mfano ninaoupenda ni mulgara. Aina zake mbili zilichanganywa miaka mingi sana, mpaka 2005 mtafiti Patricia Woolley alipoonyesha kwamba Dasycercus cristicauda ana kishungi cha nywele mkiani, chuchu nane na magego madogo matatu juu kila upande, wakati D. blythi hana kishungi, ana chuchu sita na magego madogo mawili. 2023 mtafiti Jake Newman-Martin na wenzake wakapima mafuvu pamoja na mifupa ya zamani, wakafikisha aina sita. Tatu ni mpya na zinaaminika zimeshatoweka, na D. hillieri, jina alilotoa mtaalamu wa wanyama Oldfield Thomas 1905 likaja kumezwa na jina lingine, lilirudishwa. Kwa hiyo kabla hujafikiria jina jipya, tafuta majina yote ya zamani na uone sampuli zenyewe zilizobeba hayo majina, nyingi ziko London.

Na kitu kisichokuwepo usikiamini haraka. 1838 mtaalamu wa wanyama William Ogilby alimwelezea bandikuti mwenye miguu kama ya nguruwe, Chaeropus ecaudatus, kama mnyama asiye na mkia, kumbe sampuli ya msafara wa mpelelezi Thomas Mitchell ilikuwa imekatika mkia tu! Jina limebaki kwa sheria za kutaja wanyama. Makumbusho za dunia nzima zina sampuli kama 29 tu za Chaeropus, na ndo hizohizo zilizotumika 2019 kumtenga C. yirratji kama aina yake ya pili, kwa meno, mifupa na DNA.

DNA iombe mwisho, inaharibu sampuli kidogo na formalini huwa imeshaivunjavunja. Kabla ya hapo pima kwa kalipa urefu wa taya, upana wa fuvu mashavuni, na safu ya meno kutoka chonge mpaka gego la mwisho, rudia siku nyingine bila kuangalia namba za kwanza. Ukimaliza andika kikaratasi kipya chenye jina la mnyama, jina lako na tarehe, kifunge pembeni ya lebo ya zamani, na kama meno yamevunjika huwezi kuamua, andika jina la kundi tu, mfano Sminthopsis sp. (yaani danati ambaye aina yake haijulikani), uishie hapo.