Kupiga picha maua ya Kitulo kwa miguu, hatua kwa hatua

Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kitulo ni uwanda wa nyasi huko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, na mwaka 2005 ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Hakuna simba wa kukufungia ndani ya gari. Unashuka, unatembea, unapiga magoti. Mwongozo huu ni wa mwenye kamera ya kawaida, na hata wa mwenye simu nzuri.

Hatua ya 1: Chagua mwezi
Njoo kati ya Desemba na Machi. Maua huanza kujitokeza Novemba na huendelea hadi Aprili, yaani msimu wenyewe wa mvua, hivyo ukitaka maua ukubali na tope. Anayekuja Julai kwa kuwa ndiyo likizo yake atakutana na nyasi, ukungu na baridi kali.

Hatua ya 2: Panda mapema, lala karibu
Ukitokea Chimala utapanda ile barabara inayoitwa Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Mvua ikinyesha usiijaribu na gari dogo. Lala Matamba ili asubuhi usianze na safari nyingine. Langoni ulizia mwongozaji. Anajua wiki hii okidi zimechanua bonde gani, jambo ambalo ramani haikuambii.

Hatua ya 3: Punguza mzigo
Lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, na nyingine pana ya kuchukua uwanda wote. Mfuko wa plastiki wa kufunikia kamera. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, maana baridi huimaliza haraka. Chukua pia kipande cha turubai cha kulalia. Watu hukicheka mpaka waone nguo zao.

Hatua ya 4: Usiukimbie ukungu
Hapa ndipo wengi huharibu. Wanangoja jua, na jua la saa sita huku juu ni kali mno: petali nyeupe zinaungua kwenye picha na vivuli vinakuwa vyeusi tii. Mawingu mepesi ndiyo mwanga bora wa maua. Ukungu ukitanda, kamera hudanganyika na kutoa picha ya kijivu, kwa hiyo ongeza mwanga kwa +0.7 au hata +1 kwenye kipimo cha +/− cha kamera. Ua jeupe likiwa mbele ya nyasi za giza, fanya kinyume: punguza kwa −0.7, kisha kuza picha kwenye kioo uone kama mishipa ya petali bado inaonekana.

Hatua ya 5: Pambana na upepo
Uwanda hauna miti ya kuuzuia. Anza na kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) bila woga, piga picha kadhaa mfululizo upepo unapotulia. Mwili wa mwenzako ni kinga nzuri. Msimamishe upande upepo unakotoka. Kwa okidi moja tumia f/8 (kipimo cha tundu la lenzi), fokasi iwe kwenye sehemu ya ua iliyo karibu nawe zaidi. Kwa kniphofia, yale maua marefu yenye rangi ya moto, shuka chini kabisa uyapige yakiwa na anga nyuma yake. Ukipiga umesimama, utapata picha ya nyasi zenye madoa.

Usifyeke nyasi zinazokuziba wala kukanyaga nje ya njia ovyo. Zilaze kwa mkono, piga, ziachie. Ukimwona tandawala akitembea polepole nyasini, piga ukiwa ulipo. Ndege huyu hutaga chini, na ukimfuata unaweza kukanyaga mayai.

Hatua ya 6: Piga na majani
Kitulo ina aina zaidi ya 40 za okidi zinazoota ardhini, na nyingine zinafanana sana. Baada ya picha ya urembo, piga ua kwa ubavu, shina, na majani ya chini. Bila hizo hata mtaalamu wa mimea atakisia tu.

Hatua ya 7: Zima GPS kabla ya kurusha
Mimi hili nalipa uzito kuliko lenzi. Viazi vya okidi huchimbwa ili kutengenezea chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia, na mmea ukishang'olewa kiazi umekwisha. Picha yenye alama ya mahali inaweza kumwonyesha mchimbaji njia. Zima eneo kwenye kamera na kwenye simu, ukague tena faili kabla ya kuipandisha, kisha kwenye maelezo andika "Kitulo" tu, bila jina la bonde wala kilima.