Wewe Uko Leeds, Akaunti Yako Bado Iko Mombasa

Umeshatua Uingereza, baridi imekupokea, laini mpya iko ndani ya simu. Unataka kulipia programu, duka la programu la simuni linakataa: haipatikani katika nchi yako. Duka haliangalii ulikolala jana. Linaangalia nchi iliyoandikwa kwenye akaunti, na yako bado ni Kenya. Ndiyo maana ile VPN wanayokusifia, programu ya kuficha nchi uliko, haifui dafu. Unapita njia nyingine ya intaneti, akaunti inabaki palepale.

Wa Play Store, usikimbilie kubadili. Google inaruhusu mara moja tu kwa mwaka, tena uwe umeshafika huko na una njia ya malipo ya huko. Aliyekuja kwa kozi ya miezi mitatu aache kama ilivyo, la sivyo atarudi nyumbani akiwa amenasa kwenye duka la pauni. Salio la shilingi halihami nawe, kwa hiyo limalize kwanza.

Apple ina masharti zaidi. Salio lazima liwe sifuri, usajili wote wa kulipia ufutwe, na usubiri muda wake uishe. Hapo ndipo watu hukwama: umelipia mwaka mzima mwezi Januari, Machi umehama. Njia ya wengi ni kufungua akaunti ya pili kwa ajili ya kununua tu. iPhone inakubali picha na namba za watu wako zibaki kwenye akaunti ya zamani, huku dukani ukiingia na mpya. Usisahau nywila ya zamani lakini, maana programu ulizonunua nayo zitaiulizia siku ya kusasishwa.

Na laini ya nyumbani, jamani! Namba za uthibitisho huenda zinatumwa huko. Ongeza namba mpya kwenye kila akaunti yako kabla ile ya zamani haijafungwa kwa kutotumika.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la kadi ya zawadi ya duka la programu. Nilimnunulia mdogo wangu aliye Kisumu, nikampigia picha namba za nyuma, nikajiona kaka wa maana. Zikakataa. Kadi ya Uingereza hutumika kwenye akaunti ya Uingereza tu. Siku hizi namtumia pesa kwa M-Pesa, naye analipa kwa ile kadi ya Visa ya simuni, GlobalPay, iliyoanza Kenya mwaka 2022. Chenji hairudi, bila shaka.