Kitalu cha Miche cha Kijiji: Anza Kuhesabu Kutoka Siku ya Kupanda

Vikundi vingi vinavyoanzisha vitalu vya miche ya miti katika mikoa ya Lindi na Mtwara hupata mbegu bila taabu kubwa na husia kwa ari. Shida huja Oktoba na Novemba, pale visima vinapokauka na kila mwenye mkorosho yuko shambani anaokota korosho, huku miche ikibaki na mtu mmoja mwenye ndoo moja. Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua viriba, yaani mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche, kikundi kikubaliane mambo mawili: maji yatatoka wapi katika miezi hiyo, na nani atamwagilia.

Miche 1,000 katika viriba vidogo huhitaji, kwa makadirio ya kawaida, ndoo moja hadi mbili za lita 20 kwa siku. Katika kijiji kilicho kando ya Mto Lukuledi hilo si tatizo kubwa, lakini juu ya nyanda za Makonde, ambako maji hufuatwa mbali au kununuliwa, kitalu cha miche 10,000 ni mzigo ambao kikundi kidogo hakiubebi. Ni afadhali kuotesha miche 2,500 yenye afya. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja huchukua miche takriban 450, hivyo 2,500 hutosha ekari tano na kubakiza michache ya kurudishia iliyokufa.

Mvua zetu ni za msimu mmoja: kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na hukoma Aprili au Mei. Mche uliopandwa udongo ukiwa umelowa vizuri, Desemba hadi katikati ya Januari, hupata miezi mitatu au zaidi ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi, ilhali uliosubiri hadi Aprili hukutana na jua ukiwa bado mgeni ardhini. Hesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Mpingo hukua polepole na haupaswi kukaa kiribani chini ya miezi sita, hivyo mbegu zake zipandwe kitaluni mwezi Mei au mapema Juni. Mjohoro, ambao wengi wanautaka kwa nguzo na kuni, unaweza kusubiri hadi Agosti. Mbegu za mjohoro zimwagiwe maji yaliyochemka na kuachwa humo usiku mzima. Za mpingo zitosheke na maji ya kawaida kwa siku moja. Mbegu za mkongo, zile nyeusi zenye kofia nyekundu, zivuliwe kofia hiyo kwanza. Mbegu zote zikusanywe kwenye miti mama isiyopungua kumi iliyo mbalimbali, wala si chini ya mti mmoja ulio karibu na njia.

Mninga ni suala jingine. Ganda lake la duara ni gumu kufungua, na mche ukishaota, shina lake hukauka kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa chini. Kwa maoni yangu, nguvu ya kuuotesha kitaluni ingefaa zaidi kulinda miche yake inayojiotea katika msitu wa hifadhi wa kijiji.

Udongo wa sehemu nyingi za pwani na Makonde una mchanga tayari, hivyo usiongeze mchanga kwa kufuata tu kipimo cha kitabuni. Changanya udongo wa juu wa msituni na samadi iliyooza kabisa, lowesha kidogo, kisha finya konzi moja: ukiachia kiganja, donge libaki zima, na ukiligusa kwa kidole livunjike. Likimwagika lenyewe, kiriba kitapasuka siku ya kupanda na mizizi itabaki uchi.

Mizizi ikitoka chini ya kiriba, inua viriba na ikate kwa wembe kila baada ya wiki tatu hivi. Nimewahi kuona miche ya mkongo, mirefu na ya kupendeza, iliyoachwa bila kuinuliwa hata mara moja. Siku ya kupanda mzizi mkuu wa kila mche ulibaki tutani. Katika mwezi wa mwisho punguza kivuli na maji hatua kwa hatua.

Kuhusu mtu wa kumwagilia, zamu za kujitolea huvunjika msimu wa korosho. Njia inayofaa zaidi ni kutenga sehemu ya kitalu kwa miche ya kuuza, hasa mikorosho iliyobebeshwa kwa vikonyo (vijitawi) vya miti bora inayopendekezwa na TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Mtwara, na mapato yake yamlipe mwangalizi mmoja. Malipo hayo yaandikwe katika daftari la kikundi na yasomwe mkutanoni.

Siku ya kupanda, chana kiriba na ukiondoe chote. Kisha, mwezi Mei, kabla majani hayajakauka, fyeka njia ya moto kuzunguka eneo lote na ukwangue nyasi kuzunguka kila mche.